Jicho la Bibi na Ndoto za Babu

Kila nikitoka shule nilipitia kwenye kibanda cha babu, fundi cherehani, nimtungie nyuzi kwenye sindano. Mkono wake wa kulia ulitetemeka kila alipoulaza pajani. Akishika kitambaa, ulitulia, na mshono wake ulinyooka vilevile.

Siku hiyo nilimkuta mama muuza mikate mlangoni, akidai kitambaa chake kabla hakijakatwa.

"Nampelekea fundi mwingine," alisema. "Sivai nguo ya mlevi anayempiga mkewe."

Babu aliinamisha kichwa. Babu huyu hajaonja pombe maishani mwake! Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka moto.

"Babu hampigi mtu," nilisema.

"Na hilo jicho la bibi yako limevimba lenyewe?"

Bibi, aliyekuwa akishona vifungo, alijibu haraka, "Niligonga kabati."

"Juzi ulisema mlango," muuza mikate alisema. "Basi nyumba yako ina ugomvi na wewe."

Sikuweza kuvumilia. "Bibi, nisamehe, lakini sema kweli. Unamlinda babu kwa uongo, na uongo huohuo ndio unaomchafua."

Bibi aliweka sindano chini. "Mzee anaota," alisema polepole. "Anaota anafukuza mbwa, anarusha ngumi na mateke, naye yuko usingizini fofofo. Akiamka hakumbuki lolote. Niliogopa watu watasema amepata wazimu."

"Huo ni ugonjwa, dada," muuza mikate alisema, sauti imeshuka. "Mpeleke hospitali."

Kesho yake tulikwenda. Daktari alimtazama babu akitembea, akamwekea kichwani kifaa cha kupima ubongo kwa mishtuko midogo ya sumaku. Kifaa kiliposema ta, kidole gumba cha babu kiliruka chenyewe.

"Ubongo wa mzee unashtuka upesi kuliko kawaida," alieleza. "Ana ugonjwa wa Parkinson, ndio unaomtetemesha mkono. Sisi tukiota, ubongo hufunga misuli, ndiyo maana unaota unakimbia lakini huondoki kitandani. Kwake kufuli hilo limelegea." Alimwandikia dawa, akashauri babu alale kwenye godoro lililo sakafuni, na bibi kwenye kitanda chake peke yake.

Nilitoka pale nimekasirika upya. Mtaa mzima ulishamhukumu babu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anaumwa nini.

Jicho la bibi lilipopona, muuza mikate alirudi na kitambaa chake. "Fundi, nilikukosea. Nishonee."

"Vipimo vyako ninavyo," babu alisema, "labda kama umezidi kula mikate yako."

Tulicheka sote, hata yeye. Kisha bibi alinigeukia. "Mjukuu wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Ugonjwa si aibu, hutajwa ukatibiwa. Mimi nilidhani nafunika aibu ya mume wangu, kumbe nilikuwa namshonea jina baya."