Siku ya Tisa ya Pagume

Printa ya masjala ilichapa karatasi moja saa sita mchana, tarehe mosi ya mwezi wa Pagume, na waya wake wa umeme ulikuwa umeviringishwa juu ya rafu, haujachomekwa. Askale, mtunza kumbukumbu wa hospitali, alikuwa mezani anakula injera yake. Aliacha kutafuna, akainuka kuichukua. Ilikuwa kadi ya mgonjwa: Bizuayehu Tessema, miaka ishirini na sita, mjamzito. Chini yake, kwa herufi kubwa: ASICHOMWE PENISILINI.

Kadi hiyo ndiyo iliyotafutwa hospitali nzima wiki tatu kabla. Wezi wa mtandaoni walikuwa wamezifunga kompyuta zote, madaktari hawawezi kusoma lolote, na Bizuayehu akachomwa sindano ileile aliyokatazwa. Akafa na mtoto tumboni. Kitabu cha mpango wa dharura kilisema kadi za waliolazwa zichapwe kila jioni na kuwekwa kwenye kabati jekundu la masjala, ili kompyuta zikizimika kazi iendelee. Siku ile kabati jekundu lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na chupa mbili za bia na viatu vya mpira vya mkurugenzi. Mimi ninayesimulia, nikivikumbuka viatu vile, damu inanichemka mpaka leo.

Mkurugenzi mwenyewe, Demelash, aliingia masjala alasiri na faili mkononi.

"Askale dada yangu, tia sahihi hapa."

"Nini hiki?"

"Mazoezi ya dharura ya mwaka jana. Wakaguzi wanakuja baada ya sikukuu. Inasema tulifanya, kabati likajaa kadi, ufunguo ukakabidhiwa wewe."

"Bosi, mazoezi gani? Hatukufanya mazoezi yoyote."

"Nimekuuliza kama tulifanya? Nimesema tia sahihi. Au watoto wako wamechoka shule?"

Askale aliona mchezo wote pale pale. Akitia sahihi, kabati tupu linakuwa lake, na maiti ya Bizuayehu inakuwa yake. Kisha akaona tarehe: Pagume 9. Demelash alikuwa amenakili fomu ya wafadhili wa kigeni iliyoandikwa Septemba 9. Mwezi akaubadili, tarehe akaiacha. Na Pagume, mwezi wa kumi na tatu wa kalenda yetu, una siku tano tu, sita mwaka ukiwa mrefu. Hata mtoto wa chekechea anajua. Ndivyo anavyoandika mtu asiyejali.

"Bosi, siku hii haipo."

"Vizuri. Basi hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi." Akacheka. "Una mpaka tarehe tano."

Kesho yake masjala ilinuka kahawa iliyoungua, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine ya shuka zilizolowa. Tarehe tatu, mchana kweupe, wagonjwa wamepanga foleni nje ya mlango, Askale alisikia mtu anapekua ndani ya kabati jekundu, anafunua karatasi moja baada ya nyingine bila haraka, na kabati lenyewe halikuwa na hata karatasi moja, na kila alipoikaribia ile sauti ndivyo harufu ilivyomjaa kooni, mpaka aliposhika kitasa akasikia kwa ndani mkono mwingine umekishika, wa baridi, unamsubiri avute.

Hakuvuta. Alikimbia kwa Mama Yeshi, anayeuza kahawa getini na anayejua kuzungumza na majini kuliko anavyojua kuhesabu chenji. Mama Yeshi alikuja na jiko lake, akakaanga kahawa sakafuni, akafukiza uvumba, akainamisha sikio kwenye kabati.

"Ni Bizuayehu?" Askale alinong'ona.

"Wala. Bizuayehu kapumzika, masikini. Huyu ni jini. Kaandikiwa siku isiyo na mwenyewe, kahamia."

"Mfukuze, mama."

"Haondoki kwa uvumba wangu, mwanangu. Kaitwa kwa karatasi ile. Anasema anamsubiri mwenye sahihi aje wafanye hayo mazoezi." Alimkazia macho. "Wewe umetia?"

"Bado."

"Hata wakukate mkono, usitie."

Tarehe tano Demelash alikuja amekunja uso. Hasira ya Askale iliushinda woga, akamrudishia faili.

"Sitii sahihi. Mwanamke amekufa kwa sababu ya viatu vyako. Kama ulifanya mazoezi, andika mwenyewe ulihudhuria, utie sahihi yako."

"Mjinga wewe. Kesho huna kazi." Akamsukuma nje, akajifungia masjala. Askale alisikia kalamu ikikwaruza karatasi, kisha kabati likifunguliwa, kisha mkurugenzi akiuliza kwa sauti ndogo, "Nani huyo?" Watu walipovunja mlango hapakuwa na mtu, na harufu ilikuwa imekwisha. Viatu vya mpira vilikuwa katikati ya chumba, vimelowa.

Mwaka mpya ukaingia, nyumba zikajaa maua ya njano. Polisi walitafuta bila mafanikio. Wakaguzi walikuja tarehe nne Meskerem, mwezi wa kwanza, na ukihesabu tangu Pagume mosi pasipo kusimama, hiyo ndiyo siku ya tisa. Walikuwa wameketi na Askale masjala wakimuuliza habari za ufunguo, printa ikaanza kuchapa, waya wake umeviringishwa palepale kwenye rafu.

Ilikuwa taarifa kwa mwandiko wa Demelash, kila mtu aliutambua. Mazoezi ya dharura, Pagume 9. Kadi zilizokutwa kabatini: hakuna. Mwenye ufunguo: mimi. Waliofariki: Bizuayehu Tessema na mwanawe. Aliyedanganya: mimi.

Mkaguzi mkubwa aliisoma mara mbili, akalifuta jina la Askale kwenye orodha ya washukiwa daftarini mwake. Askale aliomba nakala ampelekee mama yake Bizuayehu. Hapo ndipo alipoona mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa mkono uliochoka:

"Nimeomba nitoke. Naambiwa siku haijaisha."