Trekta Dogo la Shamba la Plamu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Senka aliwafungulia kuku, akaokota mayai, kisha akapanda mlimani kuwapelekea kondoo maji. Siku hizi njia hiyo ilimtia uchungu. Tangu farasi wao wa kazi za shamba afe, nyasi zilikuwa zimeota kati ya miti ya plamu hadi kumfika kifuani. Baba alikuwa Austria, akiwajengea watu nyumba. Mama yake, Radojka, alifyeka kwa mkono mpaka viganja vikatoka malengelenge.

"Mwaka huu nanunua trekta," mama alisema siku moja mezani. "Shamba hili halifi nikiwa hai."

Mjomba Miloje, kaka yake mama, akaweka kijiko chini. "Hapo umenena! Kuna moja mjini Valjevo, jekundu, likinguruma vioo vya madirisha vinatetemeka. Ukipita nalo kijijini watu watavua kofia."

"Litapita kati ya miti, Mjomba?" Senka akauliza.

"Litapita tu. Mti ukiziba njia, tunaukata."

Senka alitoka, akatafuta ufito mrefu, akaukata ulingane na nafasi iliyokuwa kati ya safu mbili za miti. Walipokwenda mjini, aliubeba begani, na mbele ya lile trekta jekundu akaulaza chini. Magurudumu yalizidi ufito pande zote mbili.

"Unapima trekta au jeneza?" mjomba akacheka.

Lakini mama hakucheka. Alimgeukia muuzaji. "Una lingine jembamba?"

Muuzaji aliwapeleka nyuma ya banda. Hapo palikuwa na trekta dogo la kijani, kimo chake hakizidi bega la mama.

"Hili trekta au kiroboto?" akasema mjomba.

"Kiroboto huruka juu, kaka," mama akamjibu. Akawasha injini, akalifungia mashine ya kukata nyasi kwa nyuma, akaona linainyanyua bila kusita. Akahakikisha pia kuwa magurudumu yote manne yanavuta, kwa maana mlima wao ni mkali. Ufito wa Senka ulionyesha kwamba litapita. Wakalichukua pamoja na mashine yake.

Kazi ya kuliandaa ilianza nyumbani. Walifungua nati, wakatanua magurudumu kadiri nafasi ilivyoruhusu ili lisiyumbe kwenye mteremko. Kwa kuwa mashine ilikuwa nzito nyuma, walifunga vyuma vya uzito mbele ili pua isiinuke. Kikabaki kitu kimoja: fremu nene ya chuma ya kusimama nyuma ya kiti, kumkinga dereva trekta likipinduka. Mmiliki wa kwanza alikuwa ameifungua, ikauzwa pamoja na trekta.

"Iacheni hiyo," mjomba akasema. "Itanasa kwenye matawi. Mimi nimeendesha matrekta kabla huyu mtoto hajazaliwa!"

Mama akasita. Nyasi za kukaushwa ziwe chakula cha kondoo zilikuwa zikikomaa na mvua haikuwa mbali.

"Kama matawi ndiyo tatizo, tuyapunguze," Senka akasema. "Nitayakata mwenyewe."

Kila alipotoka shule alichukua msumeno, akapanda ngazi, akakata matawi ya chini mti baada ya mti. Mikono ilimuuma hata kushika kalamu ikawa shida. Jirani yao Ognjen, aliyesoma naye darasa moja na aliyekwisha kusikia utani wa mjomba, alimpigia kelele kutoka barabarani: "We Senka! Unainyoa miti ili kiroboto apite?"

"Njoo ushike ngazi, au nenda zako!" Senka akamjibu, akaendelea kukata.

Safu ya mwisho ilipokwisha, walisimamisha fremu na kukaza bolti zake. Mjomba akaomba aendeshe wa kwanza. Alipopanda, Senka akasimama mbele ya trekta, ufunguo mkononi.

"Mkanda kwanza, Mjomba."

"Radojka, mwanao ananiamrisha!"

"Funga, Miloje, au shuka."

Akafunga huku akinung'unika. Trekta likashuka kati ya miti, likikata nyasi vizuri, na fremu haikugusa hata tawi moja. Lakini kwenye ukingo wa chini, maji ya mvua yalikuwa yamekula udongo chini ya nyasi, na hakuna aliyejua. Gurudumu likadidimia. Trekta likainama, likaanguka ubavu.

"Kaka!" mama akapiga ukelele, wakateremka mbio.

Fremu ilikuwa imejikita ardhini na kulizuia trekta lisibingirike. Mjomba alining'inia kwenye mkanda, mweupe kama chokaa, lakini mzima. Alinyoosha mkono akazima injini. Mama alimshikilia kiwiliwili, Senka akafungua mkanda, wakamvuta nje. Bega tu ndilo lililomuuma.

Majirani walikuja na kamba wakaliinua trekta. Mama alilikagua, akapigilia vigingi mbali na ukingo ili pasikaribiwe tena. Kisha akapanda mwenyewe, akafunga mkanda, akaenda kumalizia nyasi zilizobaki.

Mjomba alikuwa ameketi chini ya mti. Akamvuta Senka karibu.

"Mpwa wangu, mimi nilitaka trekta la kuonwa na watu. Wewe ulitaka linalolifaa shamba letu, ukalitolea jasho. Chombo huchaguliwa kwa kazi yake, si kwa sifa. Na kinga huwekwa kabla ya ajali, hata mzoefu akikucheka. Leo mzoefu huyo yuko hai kwa sababu hukumsikiliza."