Mwendo wa Nyoya

Saa saba mchana, mbele ya jengo la maduka lenye ghorofa sita, watu walikuwa wamebanana chini ya kibaraza kwa sababu mvua ilianza bila kubisha hodi. Miongoni mwao alikuwapo fundi miwani, msichana mrefu mwenye blauzi ya kijani na sketi nyeusi, amekumbatia kasha la lenzi lililotakiwa kufika kliniki ya macho kabla ya saa nane. Alipoona teksi nyeupe imesimama, hakuuliza mara mbili. Alifungua mlango wa nyuma, akajitupa ndani, akavua koti lililolowa na kulibwaga kando.

"Kliniki ya macho, kaka. Upande wa pili wa daraja."

"Haya, twende."

Akasubiri. Hakusikia injini wala mtetemo.

"Kaka, washa gari basi."

"Limewaka, dada."

"Limewaka wapi? Mimi si kiziwi."

Gari likateleza kutoka kando ya barabara, kimya kabisa, kama paka anayetoka jikoni na kipande cha nyama.

"Mungu wangu! Linatembea limezimwa!"

Dereva alicheka hadi mabega yakatikisika. Alikuwa kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na ndevu zilizopunguzwa kwa uangalifu. "Ni haibridi," alisema. "Lina injini ya petroli na mota ya umeme. Tukienda taratibu injini inalala, umeme unafanya kazi. Halafu, samahani, litoe koti lako hapo ubavuni mwa kiti. Betri inapumulia kwenye lile tundu."

"Betri inapumua?"

"Ikikosa hewa inapata joto. Ikipata joto inazembea, na petroli inaliwa."

"Kumbe gari lako lina mapafu. Bado moyo tu."

"Moyo linatafuta."

Fundi akageukia dirishani ili tabasamu lake lisionekane kwenye kioo. Walipita taa tatu za barabarani bila kusimama hata mara moja, maana dereva aliziona kwa mbali, akanyanyua mguu mapema, na kila walipokaribia, taa iligeuka kijani kana kwamba wamepanga. Walifika saa nane kasoro dakika kumi. Kabla hajashuka, alikuwa ameshatoa namba yake ya simu, na mpaka leo hakumbuki ni nani aliyeiomba.

Kwenye kituo cha teksi madereva wenzake walimwita kijana yule Nyoya, kwa jinsi mguu wake ulivyokanyaga mafuta kwa wepesi. Magari yao yalikuwa kama lake, lakini wao walikwenda kilomita kumi na tisa kwa lita moja, yeye ishirini na saba. Walimtania kwamba usiku hulisukuma kwa mkono. Yeye alijibu kwamba tairi zao hazina upepo wa kutosha na vichwa vyao vina upepo kupita kiasi.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Fundi alikuwa akisaga lenzi kwenye mashine, miwani ya kinga usoni, na kila mashine ilipotulia simu ilikuwa sikioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Sijala. Nilikuwa nakungoja unikumbushe."

"Basi nikisahau siku moja utakufa njaa?"

"Nitakufa, na utanizika wewe."

Jumapili Nyoya alimfundisha kuendesha katika uwanja wa maegesho wa kiwanda kilichofungwa. Fundi alidhani siri ni kutambaa, akatambaa, na Nyoya akashika kichwa.

"Hapana, hapana, malkia wangu. Kutambaa si kubana mafuta, unaimaliza betri bure na baadaye injini itailipia. Ondoka kama mtu mwenye safari. Ukishafika mwendo wako, nyanyua mguu, acha gari liende. Halafu tazama mbali. Breki ikanyage mapema, kwa upole. Breki ya upole inarudisha umeme kwenye betri. Ya ghafla inageuka joto, inapotea hewani."

"Na mimi ukinikanyagia breki ya ghafla?"

"Wewe sina breki yako. Ilikatika siku ya mvua."

Mama yake Fundi alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, aliyepokea mikononi mwake nusu ya watoto wa mtaa ule. Uvimbe wa saratani ulikuwa umeingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo wake. Kila Alhamisi alipelekwa hospitali kwa matibabu, na teksi za kawaida zilimrudisha akiwa amejiuma midomo hadi damu. Nyoya alipoanza kumpeleka, mama alikwenda na kurudi akiwa amesinzia. Kijana alimwekea mito miwili, akajifunza kila tuta na kila shimo la njia ile.

"Binti yangu," mama alisema jioni moja, akiwa amejilaza kwenye kochi, "wanaume nimewaona wengi, wengine niliwakata vitovu kwa mkono wangu. Huyu usimwache."

"Mama! Yuko hapo mlangoni, anasikia."

"Ndiyo maana nimesema kwa sauti."

Mwaka wa pili wa mapenzi yao ulipokaribia kwisha, mama alianza kukataa chakula. Daktari alipendekeza duru nyingine ya matibabu, ile kali. Fundi alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika mikono. "Niahidi utapigana, Mama. Niahidi." Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nimekuahidi."

Jumatano ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, simu ya Fundi ililia katika duka la miwani alilofanyia kazi. Alikuwa Mama Mdogo, mdogo wake mama, aliyehamia kwao kumuuguza.

"Njoo hospitali, mwanangu. Pumzi zinambana. Gari la wagonjwa wamesema tungoje saa nzima. Nyoya yuko hapa, tunambeba."

Duka lilikuwa jirani na hospitali. Fundi alikimbia na koti lake jeupe la kazi, akafika lango la dharura, akapiga simu.

"Mko wapi?"

"Ndiyo tumetoka nyumbani, mpenzi," Nyoya alijibu.

Dakika kumi na tano zikapita.

"Mko wapi?"

"Tumepita mzunguko wa kwanza."

"Wa kwanza? Nyoya, kanyaga mafuta! Piga honi watu wapishe! Unasikia?"

"Nasikia, mpenzi."

Safari ile huchukua dakika ishirini na tano. Siku ile ilichukua arobaini na mbili, na Fundi alizihesabu zote akiwa amesimama. Mwishowe gari jeupe likaingia langoni kimya, bila honi, kwa mwendo uleule wa kila Alhamisi. Alifungua mlango wa nyuma. Mama alikuwa amelala juu ya mito, miguu mapajani kwa Mama Mdogo, macho nusu wazi. Wauguzi walimhamishia kwenye kitanda cha magurudumu. Mmoja alishika shingo yake, akangoja, kisha akamtazama mwenzake.

Nyoya alizima gari. Pale mbele ya usukani, kama ilivyokuwa kawaida ya gari lile kila safari inapoisha, skrini ikawaka. Ilichorwa jani la kijani, na chini yake maneno: *Kilomita 31.4 kwa lita. Alama 98. Hongera, umeendesha vizuri sana.*

Fundi aliyasoma yote. Aliinua macho polepole.

"Ulikuwa unabana petroli."

"Mpenzi, sikiliza..."

"Mama yangu anakata roho nyuma yako, na wewe unabana petroli!"

Nyoya alifungua mdomo. Alimtazama Mama Mdogo, na Mama Mdogo akainamisha kichwa. Nyoya akaufunga mdomo wake.

"Sema kitu basi! Sema!"

"Pole," alisema. "Pole sana."

"Sitaki kukuona tena. Umesikia? Wala msibani, wala popote."

Nyoya alikuja msibani nyumbani hata hivyo, kwa suti nyeusi iliyompwaya. Fundi alimwona, akamwambia mjomba wake, "Yule asiingie." Mjomba akaenda kumwambia kwa adabu. Nyoya alisimama ng'ambo ya barabara mpaka watu wote walipotawanyika. Alipiga simu siku kumi na moja mfululizo. Siku ya kumi na mbili Fundi aliifungia namba yake.

Miezi minane ilipita. Fundi alikonda. Alisaga lenzi, alirudi nyumbani, alilala. Aliishika hasira kama fimbo ya kutembelea, na bila hiyo pengine angeanguka. Wakati wa chakula cha jioni alizoea kumlaani Nyoya kama wengine wanavyosali. Mama Mdogo alikuwa akisikiliza tu, anaramba kijiko, anaondoka mezani mapema.

Jumamosi moja asubuhi walikuwa jikoni, Fundi anaosha vyombo.

"Laiti angekanyaga mafuta," alisema, "ningemkuta hai. Ningemuaga."

Mama Mdogo aliweka kikombe chini.

"Basi, mwanangu. Basi. Mimi nimechoka kuubeba huu mzigo, na marehemu atanisamehe." Akavuta kiti, akaketi. "Kijana yule aliondoka kwa kasi. Tulipofika tuta la kwanza, mama yako alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu. Mfupa wa mgongo ulikuwa umeshavunjika. Akasema, 'Baba, usikimbie. Kila shimo ni kisu. Nipeleke taratibu, nife nimetulia.' Kijana akasema, 'Mama, binti yako anangoja.' Mama yako akamwambia, 'Najua. Ndiyo maana sitaki anione ninalia.'"

Maji yaliendelea kutiririka bombani. Hakuna aliyeyafunga.

"Daktari alikuwa ameshatuambia tangu Jumatatu. Zilibaki siku chache tu, uende mbio usiende. Mama yako alitukataza tusikuambie. Akatuapisha sote wawili mle garini. Alisema, 'Nilimwahidi nitapigana. Asije akajua kwamba nilichoka.'"

"Na wewe ukaniacha?" Sauti ya Fundi ilikuwa ndogo. "Miezi minane, Mama Mdogo. Umeniacha nimtukane mtu wa watu miezi minane?"

"Niliogopa, mwanangu. Kila siku nilisema kesho."

Fundi aliketi sakafuni, mikono ina povu, akalia kilio alichokuwa hajalia tangu lango la hospitali. Alimlilia mama yake aliyechoka na kuficha. Alimlilia Nyoya pia.

Kituoni walimwambia kwamba Nyoya aliuza gari mwezi uleule wa msiba. Sasa alikuwa akifundisha katika chuo cha udereva karibu na ghala la saruji. Fundi aliomba gari dogo la duka, akaenda peke yake. Alimkuta kwenye uwanja wa mafunzo, anaokota koni za plastiki. Ndevu alikuwa ameziacha zikaota ovyo.

"Fundi," alisema, kama mtu aliyeona kitu kikipita mbali.

"Mama Mdogo ameniambia."

Nyoya alipanga koni moja juu ya nyingine. "Alikuwa ameapa."

"Ameshindwa. Wewe kwa nini hukuniambia? Neno moja tu!"

"Ningekuambia nini? Kwamba mama yako alivunja ahadi yake kwako? Alinishika bega, Fundi. Mkono ule sikuweza kuugeuka."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ileile. Ulikuwa unafiwa."

"Basi rudi."

Kwenye kona ya uwanja mwanafunzi mmoja alikuwa akihangaika kurudi nyuma, gia zikilia.

"Nakupenda," alisema Nyoya. "Nisikudanganye. Lakini miaka miwili ulikaa kwenye gari langu, ukaniona nikimbeba mama yako kama yai. Halafu uliposoma ile skrini, uliamini mara moja. Hukuuliza hata swali. Nikifumba macho nauona uso wako pale mlangoni. Nimejitahidi usiondoke. Hauondoki."

Ilikuwa kweli. Fundi aliinama, akaokota koni iliyobaki, akampa.

"Jumatatu nahama," aliendelea. "Kuna kampuni ya malori, mji mwingine, wananitaka niwafundishe madereva wao kupunguza mafuta. Nimeshakubali." Akaiweka koni ile juu ya rundo. "Naomba kitu kimoja. Amelala wapi? Sikuwahi kuliona kaburi."

Fundi aliendesha. Nyoya alikaa kando yake mikono magotini, bila kumsahihisha, hata aliposhika breki vibaya. Makaburini majani yalikuwa yamekatwa karibuni, yananukia. Nyoya alichuchumaa mbele ya jiwe, akalifuta vumbi kwa kitambaa chake cha mkononi, herufi moja baada ya nyingine.

"Shikamoo, Mama," alisema. "Nimechelewa. Walinizuia, lakini si kosa lao."

Hapo ndipo alipovunjika. Alilia amejiinamia, mtu mzima, mabega yanapanda na kushuka, na Fundi akapiga magoti akamkumbatia kwa nyuma. Walikaa hivyo mpaka jua likawachoma shingo.

"Asante," Fundi alimwambia sikioni. "Kwa kumfikisha mama yangu ametulia."

Langoni Nyoya alikataa kupelekwa nyumbani. Alimshika Fundi uso kwa mikono yote miwili, akambusu kwenye paji, akatembea kwa miguu kuelekea barabara kuu. Hakugeuka.

Siku ile Fundi aliifungulia namba ya Nyoya. Simu haikulia wiki ile, wala iliyofuata. Hakupiga yeye, alijua safari hii zamu ya kungoja ni yake.

Wiki ya tatu, saa sita mchana, alikuwa na lenzi mkononi simu ilipotetemeka juu ya meza.

"Halo."

"Halo, Fundi."

Fundi alisikia malori yakinguruma nyuma ya Nyoya, na pumzi zake. Alizima mashine ili naye asikilizwe. Mteja aligonga kioo cha kaunta, akaonyesha saa yake. Fundi alimwinulia kiganja amvumilie, akavuta kiti, akaketi na simu sikioni.