Jiko Lina Mwenyewe

Maziwa yalikataa kufurika.

Ambili alisimama mbele ya sufuria mpya, vumbi la safari bado lipo kwenye nywele, akingoja. Kwao Ottapalam, Uhindini, nyumba haihamiwi mpaka maziwa yachemke, yapande, yamwagike, ndipo watu washangilie kuwa baraka imeingia. Haya yalipanda vizuri, yakatuna mpaka ukingoni, kisha yakashuka taratibu kana kwamba mtu kayapuliza. Moto ulikuwa uleule. Yakapanda tena, yakashuka tena. Mara ya tatu yakakatika, yakawa mabonge yanayoelea katika maji.

"Maziwa ya pakiti haya," alisema mumewe, Sudhakaran, akizima gesi upesi. "Maskati si kama nyumbani. Usitie moyoni."

Ambili hakuyatia moyoni. Alichokitia moyoni ni kile alichokiona alipofungua makabati. Vijiko vilikuwa vimelazwa kifudifudi, vyote vimeelekea mlangoni. Kitambaa cha vyombo kilikunjwa pembe kwa pembe, na bado kilikuwa kibichi. Mwanamume aliyekaa peke yake hakunji kitambaa cha vyombo. Na kwenye meno ya mbuzi ya kukunia nazi ulijiviringa unywele mmoja, mwekundu wa hina. Akauvuta. Ukaja. Ukaja, ukazidi urefu wa mkono wake, ukazidi urefu wake mwenyewe.

"Chetta," aliita, maana ndivyo wake wa kwao wanavyowaita waume zao, kaka, kwa heshima. "Huyu mwanamke ni nani?"

"Mwanamke gani?"

"Anayekukunia nazi."

Sudhakaran alicheka, lakini kicheko kilimtoka kabla hakijaiva. "Mbuzi yenyewe nimeinunua kwa mtu, imeshatumika. Ambili, umeshuka kwenye ndege sasa hivi, tayari unafungua kesi?"

Mwaka mzima Ambili alikuwa amekaa kwa mama mkwe akingoja viza, akihesabiwa hata vipande vya samaki, akijiliwaza kwa wazo la jiko lake mwenyewe. Sudhakaran alikuwa msimamizi wa ghala la vipuri. Aliondoka chumba cha makapera akapanga nyumba hii ya Ruwi, ghorofa ya tatu, ili mke akija akute kwake. Na sasa mke amekuja, amekuta kwa mtu.

Siku zilizofuata kila alichokipika kiliharibika. Mchuzi aliuonja ukiwa sawa, ukifika mezani chumvi inakata ulimi. Nazi aliipasua ikiwa mbichi, akigeuka ananusa uvundo. Kila asubuhi alivilaza vijiko chali kwa mkono wake, na kila akirudi kutoka kuoga anavikuta kifudifudi. Lakini adhuhuri moja Sudhakaran alirudi kula, akafunua chungu, akatia kidole, akafumba macho.

"Leo umepatia," alisema. "Leo umepatia kabisa, mke wangu."

Ulikuwa mchuzi wa samaki, mwekundu, wenye ukwaju, haradali zimepasuka juu yake. Ambili hakuwa amepika samaki. Asubuhi ile alikuwa ametia dengu katika chungu kilekile. Alimtazama mumewe akila mpaka akaramba vidole, na badala ya kuogopa, kama ambavyo mwenye akili angeogopa, aliungua moyo. Akajiambia kuna mwanamke mwenye ufunguo wa nyumba hii.

Alikwenda kugonga mlango wa pili, kwa Lissy, nesi wa Kottayam aliyekuwa akifanya kazi usiku na kulala mchana. Lissy alifungua jicho moja likiwa limefumba.

"Dada Lissy, samahani. Niambie ukweli tu, sitakutaja. Kabla sijaja, nani alikuwa anaingia kwetu?"

"Kwenu? Hata paka. Mumeo mtu wa nyumbani sana huyo, tulikuwa tunamsifu. Akitoka kazini, moja kwa moja ndani, maongezi na wewe mpaka anasinzia."

"Maongezi na mimi?"

"Si kwenye simu? Ukuta mwembamba huu, mdogo wangu, nisamehe. Kila jioni. Mambo ya kazini, anacheka, anabembeleza. Nikamwambia mume wangu, huyo Ambili kapata bwana."

Ambili alishika kizingiti. Sudhakaran alikuwa akimpigia simu Ijumaa tu, na mama mkwe amekaa ubavuni. Kubembelezwa hakuwahi.

"Alikuwa ananiitaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Lissy sasa alikuwa amefumbua macho yote mawili. "Mdogo wangu," alisema polepole, "kwani hukuwa wewe?"

Siku ya pili yake, saa zile za mchana ambazo Ruwi nzima hufunga maduka na hata mbwa hutafuta kivuli, Ambili alijilaza. Kiyoyozi kiliunguruma. Alikuwa hajashikwa na usingizi aliposikia nazi ikikunwa jikoni, kwaru, kwaru, kwaru, bila haraka, kama anavyokuna mtu aliye kwake. Akajisemea, leo nimemshika. Akaondoka kitandani peku, akashika ukuta, akanyata ukumbini, na kadiri alivyosogea harufu ilimjia, hina mbichi na ukwaju, na chini ya hizo harufu nyingine kama ya nywele zilizoungua.

Jikoni hapakuwa na mtu. Mbuzi ilikuwa katikati ya sakafu, tui jeupe likidondoka kwenye meno yake, na ubao wake ulikuwa ukiyumba mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa uzito wa mwili usioonekana, nazi nyeupe ikirundikana bakulini kidogo kidogo, na macho ya Ambili yakakimbilia kwenye mfuniko wa chuma uliotundikwa uking'aa ukutani, na humo ndani ya mfuniko, palepale ambapo sakafuni hapakuwa na kitu, alimwona mwanamke ameketi juu ya ile mbuzi, amempa mgongo, nywele nyekundu zimemwagika mpaka chini na kuzunguka mguu wa meza na kupita mlangoni na kurudi, na yule mwanamke akaacha kukuna, akapangusa mikono kwa kitambaa, akakikunja pembe kwa pembe, akaanza kugeuka.

"Mke mwenzangu," alisema, kwa lafudhi ya Ottapalam, kwa sauti ya Ambili mwenyewe. "Mgeni ni siku mbili. Zako zimekwisha lini?"

Mlango wa jikoni ulijifunga. Mtungi wa gesi ukaanza kufoka. Ambili alilivamia komeo likawa kama limemezwa na ukuta, akaliendea dirisha halikusogea, akashika mchi akaupiga ukutani kwa Lissy, akapiga, akapiga, huku ile sauti yake mwenyewe ikimnong'oneza sikioni, bila hasira, kama mtu anayemwonea huruma: "Lala tu. Nitampikia mimi. Nilikuwa nampikia mimi."

Lissy ndiye aliyemwokoa. Aliamshwa na kishindo, akanusa gesi, akaita bawabu aje na ufunguo wa akiba na mtaimbo. Walimkuta Ambili ameanguka kifudifudi, kichwa kimeelekea mlangoni, kama vijiko.

Sudhakaran alipofika alimkuta mkewe amekaa sebuleni kwa Lissy, shuka mabegani, mchi bado mkononi.

"Sema," alisema Ambili. "Sema mbele ya Dada Lissy."

Akasema. Alianza akiwa amesimama, akamaliza ameketi sakafuni. Siku alipohamia, alisema, nyumba ilimtisha kwa ukimya. Miaka sita alikuwa amelala na wanaume saba chumba kimoja, hakujua kimya kina uzito gani. Basi jioni moja akafungua mlango akasema kwa mzaha, jamani nimerudi. Kesho yake akakuta taa inawaka. Kesho kutwa chai ya moto.

"Na hukukimbia?"

"Nilikuwa na njaa, Ambili." Aliinamisha kichwa. "Halafu nikawa sina njaa, na bado sikukimbia."

"Ulimwambia nini?"

Aliinuka, akaenda kumwita mwenye nyumba.

Mama wa mwenye nyumba, Bi Zuwena, alikuja baada ya alasiri na chetezo chake na ubani, fimbo mkononi. Alizungumza nao Kihindi cha sokoni. Aliingia jikoni peke yake, wakasikia akitoa salamu, kisha kimya, kisha akisema "ee, ee" kama mtu anayesikiliza mashtaka ya jirani. Akatoka amekunja uso.

"Nyie watu wa nazi mna vituko," alisema. "Huyu si wa kufukuzwa. Anasema yeye ni mke. Wewe bwana, ulimpa maneno gani?"

"Nilimwambia nyumba hii ni yako. Na mimi ni wako. Nilikuwa peke yangu, mama."

"Hukuwa peke yako, ndiyo shida yenyewe. Basi yeye ana sheria yake, na ndoa ya mdomo inavunjwa kwa mdomo. Simama mlangoni pa jiko umwache. Talaka tatu. Mkeo asimame pembeni yako aonekane."

Moshi wa ubani ulijaa ukumbi. Sudhakaran alisimama kwenye kizingiti, Ambili kando yake.

"Nimekuacha," alisema. Jikoni kijiko kimoja kilianguka.

"Nimekuacha." Bomba la maji likafunguka lenyewe, na katika sauti ya maji kukawa na kilio chembamba, cha chini kabisa, cha mwanamke anayejificha asisikike na majirani.

Sudhakaran alifungua kinywa, akakifunga. Ambili aligeuka kumtazama, akaona machozi yakimtelemka mpaka kwenye masharubu. Siku alipomwacha yeye uwanja wa ndege wa Kochi, mwaka ule, mtu huyu alikuwa amepunga mkono tu.

"Maliza, bwana," Bi Zuwena alinong'ona. "Ukiishia mbili atakurejea."

"Chetta," alisema Ambili. Sauti yake haikupanda. "Mimi pia najua njia ya uwanja wa ndege. Chagua."

Kilio kikakoma jikoni. Huko ndani nako kulikuwa na mtu anayesikiliza.

"Nimekuacha," alisema Sudhakaran, akafunika uso.

Vyombo vyote vya nyumba viliporomoka kwa mara moja. Upepo wa moto ukawapita katikati, kati ya bega la mume na bega la mke, ukazima makaa ya chetezo, ukateremka ngazi. Walipoingia jikoni walikuta jiko la kapera: masizi ukutani, mafuta yameganda, wadudu wa mchele wakikimbia. Ndivyo lilivyokuwa siku zote. Ambili alifunga kanga kiunoni akasugua mpaka giza likaingia, na hakumwomba mtu msaada.

Wakaanza maisha. Alipika, na chakula kilikuwa na chumvi aliyoitia yeye. Sudhakaran alikula, akashukuru, wala hakuramba vidole.

Muda kama wa eda ulikuwa umepita. Ijumaa moja walikuwa wanarudi sokoni, Sudhakaran amebeba kikapu, wakaingia kwenye lifti pamoja na Yesudas, fundi umeme wa ghorofa ya tano, kapera, aliyezoeleka kwa ukondefu na shati lisilopigwa pasi. Siku hiyo shati lilikuwa limenyooka. Mashavu yalikuwa yamejaa. Mkononi alishika dazeni ya bangili za vioo na pakiti ya hina.

"Vipi, Yesudas," Ambili alitania, "umeoa hata pilau hatukuliona?"

Kijana akacheka, uso ukamwiva. "Ah, dada! Mtu akipata jiko siku hizi, atangaze wamwibie?"

Lifti ikasimama ghorofa ya tatu. Mlango ukafunguka. Kutoka juu, kwenye tundu la lifti, iliteremka harufu ya samaki na ukwaju, haradali zimepasuka juu yake.

Ambili alishuka. Mumewe hakushuka. Alikuwa amesimama palepale, kikapu mkononi, akizitazama zile bangili, kisha mashavu ya yule kijana, taya limemkaza na macho yamekuwa madogo. Ambili aliutambua uso ule. Ulikuwa wivu wake yeye mwenyewe, aliokuja nao nchi hii, akauvaa kila siku mbele ya makabati ya jiko lile.

"Chetta," alimwita. "Tumefika."

Mlango wa lifti ulianza kujifunga.