Askari Arobaini Safarini

Kitendawili, wajukuu! Nina askari arobaini, hawali, hawapigi kwata, na wote wanalala kwenye boksi moja la viatu. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Mpanda? Nimeupokea. Ni vinyago vya Arcade wa kijiji cha Kakese, vya mti wa mninga, kila kimoja urefu wa kidole gumba, na mkuki mwembamba kama njiti ya kiberiti. Kuna vijana huko mijini huvipanga mezani wakacheza vita. Arcade alivichonga, mdogo wake Fabrice akavipaka rangi. Vita vya mezani havimtoi mtu damu, lakini hawa walitoa machozi.

Fabrice alikuwa mchora mabango ya maduka. Siku moja aliingia sokoni Mpanda, watu wamejaa, shati lake madoa matupu, akasimama kwenye meza ya vitambaa. Nyuma ya meza alikaa Raya, dera la zambarau, mtandio wa njano, hina imekolea mpaka kwenye kucha.

“Dada, pamba unayo?”

“Ya jeraha au ya mto?”

“Ya askari.”

Raya akacheka. “Wameumia wapi hao?”

Fabrice akafungua kiganja. Askari mmoja, mkuki umekatika. Safari iliyopita aliwapeleka Tabora ndani ya kopo la maziwa, kawajazia pamba. Treni iliwatikisa, nusu yao wakafika vilema.

“Pamba yenyewe ndiyo iliyomvunja,” Raya alisema, akimgeuzageuza. “Inanasa kwenye mkuki, ukivuta unakatika. Na kopo ni bati. Kila mmoja afungwe peke yake kwa nguo laini, halafu chini uweke sponji. Mbona unanicheka?”

“Nakuangalia tu.”

“Angalia bure. Pamba sikuuzii.”

Ndivyo walivyoanza. Simu zikawa hazikatiki.

“Kamanda wangu, umekula?”

“Nimekula ugali, nimeshiba sauti yako.”

“Muongo wewe! Mama yako atamkubali binti wa Kiislamu?”

“Mama anauliza tu kama unajua kusonga ugali wa muhogo.”

“Mwambie kuula najua.”

Mama yake Raya, Bi Mwanaiddi, ndiye aliyeitwa kila alipofariki mwanamke wa Kiislamu pale mtaani. Aliosha maiti, akakata sanda. Mabaki ya bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda, yalijaa chumbani kwao, na Raya alikua akiyakunja tangu mtoto.

Arcade naye figo zake zilikuwa zinakufa. Alichonga akiwa amekaa mkekani, miguu imevimba mpaka inang'aa. Siku askari wa arobaini alipokamilika, mwaliko wa mashindano Dar es Salaam ulikuwa umeshafika.

“Wapeleke,” alimwambia Fabrice. “Na watu wengine wawaone.”

Raya aliwachukua askari wote, akashinda nao siku mbili akiwafunga. Akamkabidhi Fabrice boksi pale stesheni.

“Usifungue mpaka ufike. Na wakae mapajani, usiwapandishe juu kwenye mizigo.”

“Na wewe nikubebe wapi?”

“Nenda huko!” Lakini alimsindikiza kwa macho mpaka behewa la mwisho likapotea.

Dar, wachezaji walizunguka meza, Fabrice akafungua boksi. Vicheko vikakatika. Arobaini, weupe, wamelala kwa mistari. Kila mmoja kavikwa bafta, kafungwa utepe kichwani, kiunoni na miguuni.

“Kaka, umetuletea mazishi?” mmoja akauliza.

Hajajibu, simu ikalia. Ni mama yake, Prisila, na sentensi hakuimaliza. Arcade amefariki.

Fabrice akatoka nje, akampigia Raya.

“Nani amekutuma?”

“Kunituma nini, mpenzi?”

“Umewavika sanda, Raya! Arcade amekufa. Umemfunga na yeye humo humo.”

Raya alilia kwanza. “Nimewafunga wasigongane. Hebu niambie, kuna hata mmoja aliyevunjika?” Kisha sauti yake ikawa nyembamba. “Fabrice, unadhani mimi nimemuua kaka yako?”

Fabrice akakata simu.

Alifika Kakese kaburi limeshafukiwa. Pale matangani akalisema lile neno la sanda mbele za watu, nalo likafika mjini kabla ya yeye mwenyewe. Wiki haikuisha, mezani kwa Raya hapakusimama mteja. Mtu alimwaga majivu mlangoni kwao. Mwanamke alifariki nyumba ya tatu, ndugu zake wakaenda kumtafuta mwosha wa mbali, Bi Mwanaiddi kakaa barazani na mkasi wake, anawaangalia wanapita. Yeye na Raya wakaamua kuhamia Inyonga.

Fabrice alitaka kuwachoma moto wale askari. Akaanza kuwafungua. Mkuki wa kwanza ukatoka mzima, wa pili mzima, mpaka wa arobaini. Akabeba boksi mpaka kwa Bi Mwanaiddi, akamkuta anafunga mizigo.

“Mama, kwa nini aliwafunga hivi?”

Bi Mwanaiddi angeweza kumfukuza. Alichukua askari mmoja na kipande cha bafta.

“Kichwani, asitikisike. Kiunoni, mikono isitoke. Miguuni, nguo isifunguke. Ndivyo tunavyomwandaa mtu mwenye safari ili asiumie, baba. Mwanangu hajui namna nyingine ya kufunga. Amewafungia nyie kama angenifungia mimi.” Akakata uzi kwa meno. “Ametangulia stendi. Kimbia, au kaa hapo hapo na aibu yako.”

Stendi kulikuwa na kelele za wapiga debe na harufu ya maandazi. Raya alivaa baibui jeusi, hina imepauka, mguu mmoja umeshapanda ngazi ya basi. Wanawake wa Kakese waliokuwa wanauza ndizi walimwona Fabrice, wakasogea kusikiliza.

“Raya, nisamehe.”

“Sikukuuliza hilo.” Hakugeuka. “Nilikuuliza kitu kwenye simu. Ulinishtaki mbele za watu, basi nijibu mbele zao.”

Kondakta akapiga bati la basi. Fabrice akawatazama wale wanawake, akamtazama Raya mgongoni.

“Hapana,” akasema kwa sauti. “Raya hakumuua Arcade. Siku tatu kabla sijapanda treni, daktari aliniambia kaka yangu hamalizi wiki. Mama sikumwambia. Arcade mwenyewe sikumwambia. Nilitaka watu wa Dar wanipigie makofi, nikapanda. Alipokufa, hatia yangu nikamtwika Raya.”