Nani Alikwamisha Mtandao wa Hana?

Minza Manyanda akirudi shuleni alikuwa na desturi yake. Alivua sare, akateka maji, akaosha vyombo, kisha akaketi mbele ya kompyuta ya sebuleni kama mwenye duka. Alikuwa darasa la sita, na pale nyumbani kwao Misunkumilo hakuna aliyebisha kwamba fundi ni yeye. Redio ikikoroma aliitwa yeye. Simu ya baba ikijaa picha aliitwa yeye. Tuseme kweli, sifa hizo zilikuwa zimemkolea kidogo.

Wiki ile fundi alipata kazi nzito. Dada yake Hana, aliyekuwa amemaliza chuo cha ufugaji nyuki, aliitwa kwenye usaili wa kazi. Usaili ungefanyika kwa video Ijumaa asubuhi, wasaili wakiwa Dodoma naye akiwa palepale sebuleni. Alikuwa ametuma maombi mengi bila kujibiwa, na hawa ndio waliokuwa wa kwanza kumwita.

Jumatano jioni walifanya majaribio kwa kumpigia rafiki yake Hana aliyekuwa Tabora. Picha iliganda, rafiki akabaki mdomo wazi, na sauti ikaja vipande vipande. Wakarudia, ikawa yaleyale. Ajabu ni kwamba mwezi uliopita mtandao huohuo ulikuwa ukikimbia vizuri.

"Mtandao unaliwa," Minza alisema. "Na anayeula namjua."

Alimaanisha Emelyne, rafiki yake wa nyumba ya pili. Mama yake Minza alikuwa amempa Emelyne nywila ya ruta, kile kifaa kinachorusha mtandao, ili ajisomee, naye tangu wiki iliyopita alikuwa akija na simu ya kaka yake kuketi barazani. Mtandao nao ulianza kusuasua wiki hiyohiyo. Kwa Minza, hesabu ilikuwa imekwisha. Hana alimwonya asiwe na haraka, lakini maneno yake yaliingilia sikio hili yakatokea lile.

Alhamisi asubuhi, kwenye foleni ya bombani, Minza alimkabili mwenzake mbele ya wasichana wote. "Dada yangu akikosa kazi, ujue ni wewe," alimwambia. "Umetuganda kama kupe, unatunyonya mtandao."

Wasichana wengine wakacheka. Emelyne aliinamisha macho. "Paswedi alinipa mama yako," alisema taratibu. "Mngeniambia tu niache, ningeacha." Akajitwisha ndoo yake kabla haijajaa, akaondoka. Minza alirudi nyumbani, akabadilisha nywila, akaenda shuleni akijiona amemaliza kazi.

Jioni hiyo walipiga tena simu Tabora. Picha ikaganda vilevile. Emelyne hakuwa barazani, wala nywila mpya hakuwa nayo. Hana aliweka mikono kichwani, akasema labda awaandikie tu wasaili kwamba hawezi, na machozi yakamlengalenga. Minza aliona aibu. Mwizi amefungiwa nje, na mbuzi zizini bado wanapungua. Basi mwizi si yule.

Hakulala nayo. Alikumbuka jinsi Mwalimu Silvesta alivyowafundisha kutafuta kosa: badilisha kitu kimoja, utazame, ndipo ushike kingine. Alizima ruta akaiwasha, hakuna nafuu. Alifunga programu zote zilizokuwa zimefunguliwa kwenye kompyuta, hali ileile. Kisha aliazima simu ya baba, akafungua video, akaenda kusimama karibu kabisa na ruta katika chumba cha nyuma. Video ilicheza bila kukwama hata mara moja. Kumbe mtandao ulikuwa unafika nyumbani salama, ila ulikuwa unapotelea njiani kwenda sebuleni.

Alirudi polepole, simu mkononi. Alipozunguka lundo la magunia ya mpunga, video ikaganda. Aliporudi nyuma, ikacheza. Akajaribu tena na tena, kila mara ikawa hivyohivyo.

Mpunga ule ulikuwa umeletwa kutoka shambani Kakese wiki iliyopita. Baba na vibarua waliupanga chumbani hadi juu, wakaizungushia ruta magunia na kuacha tundu la kupitisha mkono. Mpunga na simu ya Emelyne viliingia wiki moja, naye Minza akamkamata mtu akayaacha magunia.

Alipomweleza baba, mzee Manyanda alicheka sana na kumuuliza tangu lini mpunga ukala intaneti. Minza hakubishana. Alimpa simu azunguke lundo mwenyewe. Baba alizunguka, akarudi, akazunguka tena, na kicheko kikamwisha. Minza akamweleza kwamba mawimbi ya ruta hupita vizuri hewani, lakini lundo nene lenye unyevu huyameza.

Kuhamisha magunia yote jioni ile kusingewezekana. Minza akatazama juu. Nyumba haikuwa na dari bado, na kuta za ndani hazikufika kwenye bati. Baba alipanda juu ya magunia, akaiweka ruta juu ya ukuta na kuifunga isianguke, wakaiunganisha kwa waya wa ekstensheni. Walipopiga simu, rafiki wa Tabora alionekana akicheka, na kicheko chake kikasikika chote. Hana alimkumbatia mdogo wake, naye Minza akafurahi mno.

"Mayu," baba alimwita, jina ambalo Wasukuma humwita mama na pia binti wanayempenda. "Umefanya kazi nzuri. Na Emelyne je?"

Minza alisema angemtuma mama ampelekee nywila mpya. Baba alitikisa kichwa. "Ulimchafua mbele za watu. Utamsafisha mbele za watu."

Kesho yake foleni ilikuwa ndefu kuliko jana. Masikio ya Minza yaliwaka moto, lakini alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Emelyne hakula mtandao wetu. Ulizuiwa na mpunga. Nilikosea, nisamehe."

"Mpunga?" Emelyne aliuliza, akashindwa kujizuia kucheka. Akasogeza ndoo yake, Minza akasimama kando yake.

Siku hiyo wasaili walimsikia Hana tangu mwanzo hadi mwisho, na baada ya muda wakamwita kazini. Jioni ya siku habari hiyo ilipofika, mama alimwalika Emelyne kula wali pamoja nao. Kila mtu alimsifu Minza, naye baba akangoja sifa zipungue.

"Vitu viwili vikiingia nyumbani pamoja, usikimbilie kukilaumu kile unachokiona kwanza," alisema. "Pima ndipo useme. Gunia ukilisingizia, haliumii. Mtu huumia."