Salamu Kutoka Ndani ya Injini

Injini inayoning'inia kwenye mnyororo haina haki ya kutoa sauti. Haina mafuta, haina betri, haijafungwa kwenye gari lolote. Muzamili alilijua hilo tangu enzi za kubeba spana za watu. Ndiyo maana asubuhi ile, gereji yake ya Mvara, mjini Arua, ikiwa bado na ubaridi, aliposikia tik, tik, tik ndani ya injini ambayo yeye na mdogo wake waliinunua Koboko jana yake, alidhani ni mjusi. Alicheka hata. Mjusi naye ana macho, akiona chuma kizuri atakosaje kuhamia?

Lakini ngoja kwanza mjue chuma hicho kilifikaje pale.

Muzamili alikuwa na mdogo wake mmoja, Ramathan, aliyemlea kwa mkono wake baada ya baba yao kufa. Alimpeleka madrasa, akamfokea, akamlisha, akamfundisha usukani. Kosa lilikuwa hilo la usukani. Kijana akageuka dereva wa mashindano, wale wanaotimua vumbi kwenye barabara za Dadamu huku wakulima wakiacha mihogo yao waje kupiga makofi. Muzamili alikuwa hapigi makofi. Alikuwa anasimama mwisho wa njia, roho mkononi, mpaka amwone Ramathan ameshuka garini na miguu yake yote miwili. Hakuna kitu duniani alichokitaka zaidi ya hicho.

Gari lenyewe lilikuwa Korola ya zamani, bodi nyepesi, injini hoi. Walikuwa wameamua kuipa moyo mwingine, na ndugu hao wakabishana mpaka majirani wakajua habari za kemshafti.

"Tufunge ile ya Kijapani, kaka," Ramathan alisema. "Silinda sita, kemshafti mbili iko juu ya hedi. Ile inazunguka mpaka inalia kama nyuki."

"Kulia hapana kukimbia," Muzamili akajibu. "Iko mrefu ile. Boneti hapana funga. Tutakata ukuta ya mbele mpaka miguu yako inakaa inje. Chukua ya pushrodi."

Kwa asiyejua gereji, tofauti ni hii. Injini ya pushrodi kemshafti yake imelala chini, tumboni mwa bloku, nayo husukuma fimbo nyembamba za chuma mpaka juu ili vali zifunguke. Ni mtindo wa zamani, una kelele zake za tik tik, na ukiikimbiza injini kupita kiasi zile fimbo hupinda. Lakini hedi zake, yaani vichwa vya juu, ni ndogo, kwa hiyo V8 nzima ya namna hiyo, silinda zote nane, huingia mahali ambapo ya kemshafti juu ingegoma, na hutoa nguvu mapema, kabla mshale wa mizunguko haujapanda. Ile nyingine haina fimbo hata moja. Kemshafti imekaa juu kabisa, karibu na vali, inazungushwa na mnyororo, na raha yake huja mizunguko ikishapanda.

"Dadamu iko na kona na matope," Muzamili akamalizia. "Hapo unataka nguvu ya chini. Hii yako itaamka wakati wenzako wamefika nyumbani."

Ramathan akanuna, kisha akakubali. Mkubwa akishasema, mdogo hana budi.

V8 waliipata Koboko, kwa Lado, mtu wa Sudan Kusini aliyekimbia vita na sasa anauza vyuma vya magari yaliyokwisha. Ilikuwa pembeni peke yake, ubavu mmoja umebabuka rangi. Lado hakuwa mtu wa kuficha.

"Gari yake iliungua kwa barabara ya Oraba," alisema kwa sauti ya chini. "Na mwenyewe ndani. Kwetu mutu akikufa kwa njia, ndugu wanaenda pale na tawi, wanaita jina yake, wanarudisha yeye nyumbani. Huyu hakuna mutu aliita. Mimi hapana lala vizuri na hii kitu. Chukua, lakini nimekuambia."

"Aliyekufa iko kwa Mungu," Muzamili akasema. "Hapa iko chuma."

Basi turudi kwenye asubuhi ile. Mjusi hakutoka. Muzamili akafanya anachofanya fundi yeyote asiyeamini masikio yake: akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye bloku na kishikio sikioni, maana chuma hubeba sauti kuliko hewa. Tik, tik. Kisha ikanyamaza. Kisha, ndani ya chuma kile baridi, mtu akavuta pumzi kama aliyetoka safari ya mbali, akasema taratibu na kwa adabu, "Asalaamu alaikum."

Muzamili alikuwa mtoto wa Bi Aminah. Katika nyumba ile mtoto aliyeacha salamu ianguke chini alikuwa halali na chakula tumboni. Kutoa salamu ni suna, kuijibu ni faradhi, na ulimi wake ulilijua hilo kabla ya akili.

"Waalaikumu salaam," akajibu.

Halafu ndipo alipokumbuka kwamba yuko peke yake.

Hakumwambia mtu. Angesema nini, na injini imeshanunuliwa? Waliifunga. Ilikaa kana kwamba gari lilizaliwa nayo, na Ramathan alipoikanyaga mara ya kwanza Korola ilirusha kokoto mpaka barabarani, naye akashuka akicheka. Muzamili akacheka pia, kwa hofu.

Kuanzia hapo Ramathan akaacha kula. Akawa anashinda ndani ya gari lililozimwa, mkanda ameufunga, mchana kutwa, na ngozi yake ikaanza kutoa harufu ya nywele zilizoungua, harufu ambayo Bi Aminah aliifua kwenye mashati yake kwa sabuni na ndimu na isitoke. Alasiri moja Muzamili alimkuta akinong'ona Kiarabu cha Juba, lugha ambayo hakuwahi kuizungumza vile, akiwa ameelekea kiti cha abiria.

"Unaongea na nani?" Muzamili akauliza.

"Shh. Mgeni yako."

"Mgeni gani?"

"Anasema wewe ulimjibu." Ramathan hakugeuka. "Iko baridi, kaka. Anauliza kama mimi inaweza kumupa joto kidogo."

Muzamili akatazama kiti cha abiria. Hakikuwa na mtu, lakini sponji lake lilikuwa limebonyea, na lilikuwa linapanda na kushuka polepole, kama chini ya mtu anayepumua.

Aliing'oa injini ile siku hiyohiyo. Aliikokota mpaka nyuma ya gereji, akatafuta ile ya Kijapani waliyoikataa, akakata ukuta wa mbele wa gari kama alivyoapa hatakata, akafunga, akaunga nyaya, na alipoiwasha ikaimba laini, silinda sita zikipokezana bila kukosea, mpaka machozi yakamtoka kwa shukrani, akainama ili aisikilize vizuri, na hapo, chini ya wimbo ule, mbali kwanza kisha karibu, kisha karibu kabisa, tik, tik, tik, sauti ya fimbo zinazosukuma vali, ndani ya injini ambayo haina fimbo hata moja, ambayo hedi yake aliifungua mwenyewe na kuipangusa mwenyewe, na kupitia kioo cha mbele akamwona Ramathan amekaa, amefunga mkanda, midomo imekauka, anatabasamu.

Kumbe hakikuwa kwenye chuma tena. Kilikuwa kimeshahamia kwa Ramathan.

Fakii Kamisi, mzee anayesomea wagonjwa Kurani pale chini ya Arua Hill, alikuja na maji yake kwenye chupa. Alisoma mpaka sauti ikamkauka. Ramathan alilala tu mkekani akitoa moshi mwembamba mdomoni, moshi wa kweli, na Bi Aminah akawa anaupepea kwa ncha ya mtandio wake kama anayefukuza nzi. Mwishowe fakii akamvuta Muzamili pembeni.

"Hiyo hapana maiti," alinong'ona. "Ni jini. Lilikaa pale mutu alikufia bila kuitwa, likavaa sauti yake. Lilikusalimia?"

"Ndiyo."

"Ukajibu?"

Muzamili akaitikia kwa kichwa, na fakii akafumba macho.

"Sasa mimi hapana weza kulifukuza. Wewe umelipa haki ya mgeni, na mgeni hapana fukuzwa. Anasindikizwa. Mwenyeji ndiyo anasindikiza. Peleka yeye mpaka pale gari iliungua. Atashuka. Atakuaga. Usijibu. Unasikia, mtoto yangu? Hata akikuaga vizuri namna gani." Kisha akawageukia waliobaki. "Na nyinyi hapa nyumbani, salamu ya mutu hamuoni, hapana jibu."

Muzamili aliondoka alfajiri na Korola. Kiti cha abiria kilikuwa kimebonyea tangu Mvara. Joto la ubavu ule lilimkausha sikio la kushoto, harufu ya nywele ikajaa, na njia nzima alikuwa anasoma kimoyomoyo, anapoteza aya, anaanza upya. Walipita Koboko jua likichomoza. Mbele kidogo kwenye barabara ya Oraba aliona lami imeungua, nyeusi, haijaota hata jani pembeni, akasimama.

Mlango wa kushoto ukafunguka wenyewe. Kiti kikainuka. Injini ikanyamaza tik tik yake, ikabaki inaimba tu kama ilivyoumbwa.

Muzamili aliuma ulimi. Alikuwa amejiandaa kwa vitisho, kwa kilio, kwa sura ya kutisha. Havikuja. Ilikuja sauti ya mtu aliyechoka, aliyekaa nyumba ya watu na sasa anaona haya kwa usumbufu, ikasema nje ya dirisha, kwa upole uliompasua moyo, "Nimeshukuru, ndugu yangu. Kijana nimemuacha. Asalaamu alaikum."

Alikuwa amemuacha! Ramathan alikuwa amepona. Furaha ilimjaa Muzamili mpaka kooni, na ilipofika mdomoni ilitoka na yale maneno ambayo mama yake aliyapanda humo kabla hajaota meno.

"Waalaikumu salaam."

Joto kidogo likampita usoni. Alidhani ni jua.

Injini ikazimika na gari halikuwaka tena, kwa hiyo akaamua kutembea atafute msaada. Akawasalimia vijana wa boda kwenye njia panda, hawakuitika. Akawaza, vijana wa siku hizi. Alitembea na hakuchoka, na kabla hajaanza kuona ajabu alikuwa ameshafika Mvara, mbele ya mlango wa nyumbani kwao, alasiri, viatu vyake havina hata vumbi. Alisikia baridi sana.

Mlango ulikuwa wazi. Bi Aminah alikuwa anapakua maharage, na Ramathan, ndiyo, Ramathan, alikuwa amekaa mkekani anakula kwa mikono miwili kama mtoto. Muzamili alisimama kizingitini akamtazama, akalia kwa raha.

Simu ya Ramathan ikaita.

"Ndiyo, Korola," alisema mdomo umejaa. "Ya kaka yangu." Akaacha kutafuna. "Imeungua wapi?" Machozi yakamtoka. "Na mutu iko ndani?"

"Asalaamu alaikum," Muzamili akasema, maana alikuwa anataka kumwambia aache kulia, yeye yuko hapa.

Ramathan akatupa simu, akaziba mdomo wake kwa mkono, akatazama mlangoni moja kwa moja, wala macho yake hayakukutana na kitu chochote. Hapo Muzamili akaelewa. Akaelewa baridi ile ni ya nini, na kwamba joto la mtu hai ndilo huiponya, na kwa nani atakwenda kulitafuta akishaingia. Alitaka kugeuka. Wallahi alitaka. Miguu haikugeuka, na mdomo, ambao haukuwa wake tena, ukasalimia mara ya pili, polepole, kwa adabu zote alizolelewa nazo.

"Mama, hapana jibu," Ramathan alinong'ona huku anatetemeka. "Mama, tafadhali."

Bi Aminah alikuwa ameshaweka mwiko chini. Alifuta mikono kwenye kanga, akaugeukia mlango mtupu, na uso wake ukalainika.

"Fakii alisema mutu tusiyemuona," alisema. "Huyu mimi hapana haja kumuona. Huyu mimi nilizaa." Kisha akapaza sauti kidogo. "Waalaikumu salaam, mtoto yangu. Ingia, chakula iko."

Muzamili akaingia.